Magari ya Spoti ya Kiingereza ya Zamani: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kuyaagiza Bujumbura

Magari madogo ya spoti yaliyoundwa Uingereza kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980, kama MGB, Triumph TR6, Austin-Healey 3000 na Jaguar E-Type, ni adimu Bujumbura, jiji lililojaa Toyota zilizotumika kutoka Japani. Anayetaka gari kama hilo huliagiza ng'ambo, hulipokea bandari ya Dar es Salaam, kisha hulifikisha kwa barabara. Likishafika halirudi, kwa hiyo kulijua gari kunatangulia kulilipia.

La kuanzia ni MGB. Lilitengenezwa kati ya 1962 na 1980 katika kiwanda cha Abingdon, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,798, na yalitoka zaidi ya 500,000. Mengi yaliuzwa Marekani, yaani yana usukani wa kushoto, nao ndio unaofaa Burundi, ambako magari hupita kulia. Toyota nyingi za mjini zina usukani wa kulia, na dereva wake akitaka kulipita lori mlimani hulazimika kulichomoza gari kwanza ndipo aone mbele. Ndani ya MGB dereva hukaa chini sana, karibu usawa wa magurudumu ya lori, na kwake hatari hiyo ni kubwa zaidi. Usukani wa kushoto si jambo la kuachia bahati. Hata hivyo, MGB za Marekani za mwisho wa 1974 na kuendelea zilifungwa mabampa mazito ya mpira na kuinuliwa, kisha zikapewa kabureta moja badala ya mbili. Zina nguvu ndogo kuliko za awali na huyumba zaidi kwenye kona.

Baada ya usukani ni kutu, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kutumia muda wake mwingi. MGB halina chesisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo, na kwa kuwa gari la wazi halina paa la kulikaza, nguvu hutoka kwenye mihimili miwili ya bati lililokunjwa chini ya milango. Maji na matope huingia humo na kukaa, na bati huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje iking'aa. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini hufichua mengi: ikipitishwa chini ya mlango na kuacha kunata, pale pamejazwa puti. Kipimo kingine ni jeki. Gari likiinuliwa na mwanya wa mlango ukabana, au mlango ukakataa kufunguka, mihimili imeoza. Triumph TR6 na Spitfire zina chesisi ya pekee, lakini nayo hupata kutu. Injini hufunguliwa na kurekebishwa. Bodi iliyooza huhitaji fundi mchomeleaji wa kiwango cha juu, au bodi mpya kabisa, kama zile za MGB ambazo British Motor Heritage ilianza kuziunda mwaka 1988.

Injini nayo ina masharti yake. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 770 hivi juu ya bahari, lakini barabara ya kwenda Bugarama hupanda kupita mita 2,000 kwa umbali usiofika kilomita 50. Huko juu hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ziwani. Kabureta haina kifaa cha kulipima badiliko hilo kama kilichomo kwenye magari ya kisasa, hivyo mchanganyiko huzidi petroli: moshi mweusi hutoka, plagi hujaa masizi na nguvu hupungua. Kabureta ikirekebishwa kwa ajili ya mlimani, injini itakosa petroli ya kutosha ziwani na kupata joto kali. Inafaa kuirekebisha mahali gari linapotumika zaidi.

Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya vali. Muuzaji aulizwe kama silinda hedi imewekewa viti vigumu.

Mafundi wa mtaa wa Buyenzi ni hodari, ila spana zao ni za milimita. Bolti nyingi za MGB hupimwa kwa inchi: kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 hukishika kwa ulegevu hadi pembe zake zikalika. Seti ya spana za inchi isafirishwe pamoja na gari. Kwa MGB zilizoundwa kabla ya mwisho wa 1967, fundi aelezwe pia kwamba upande wa betri unaofungwa kwenye bodi ni chanya, kinyume cha Toyota, maana redio ya kisasa ikiunganishwa humo kwa mazoea huungua papo hapo.