Mcheza Kwao Hutuzwa: Je, Mpenzi wa Gofu Ana Timu?

Mwulize mpenzi wa kandanda timu yake ni ipi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Mwulize mpenzi wa gofu, naye atakutajia jina la mtu. Gofu ni mchezo wa mtu na mpira wake, mtu na kosa lake. Hana golikipa wa kumlaumu wala mwenzake wa kumpa pasi. Hata idadi ya mikwaju huihesabu kwa uaminifu wake, na akiugusa mpira kinyume cha sheria hutarajiwa ajishtaki mwenyewe, ijapokuwa hapana aliyemwona.

Basi je, mchezo wa namna hii unaweza kuwa na timu? Na ikiwepo, wapenzi wake waijali? Wako wasemao kuwa mashindano ya mataifa katika gofu ni mapambo tu, kwamba anayelipa kiingilio huenda kumtazama bingwa, si bendera. Mimi naona jambo hili lina sura mbili, na sisi watu wa pwani, tuliolelewa katika mashindano ya mtaa kwa mtaa, twaweza kulitolea hukumu kuliko wengi.

Tuanze na historia. Mwaka 1927 mfanyabiashara Mwingereza aliyetajirika kwa kuuza mbegu za bustani, Samuel Ryder, alitoa kikombe cha dhahabu kishindaniwe na wachezaji wa kulipwa wa Marekani na Uingereza. Kikombe kilikuwa kizuri, lakini ushindani ulikuwa haba. Kwa miaka hamsini Marekani ilishinda takriban kila mara. Waingereza walifurukuta mwaka 1929, 1933 na 1957, wakatoka sare 1969, basi. Mashindano ambayo mshindi wake ajulikana kabla ya kuanza hayana mashabiki, yana mashahidi tu.

Mwaka 1979 mlango ulifunguliwa kwa wachezaji wa bara zima la Ulaya. Sababu mojawapo kubwa ni kijana Mhispania, Severiano Ballesteros, ambaye wasomaji wa Kenya wana haki ya kumkumbuka, kwani mwaka 1978 alishinda Kenya Open papa hapa Nairobi. Alikuwa mtoto wa mkulima, aliyejifunza gofu kwa kubeba mikoba ya wenye nazo. Mwaka 1985 Ulaya ikakitwaa kikombe, na 1987 ikakitwaa tena ndani ya Marekani kwenyewe, jambo ambalo halikupata kutokea. Ian Woosnam, aliyeshinda Kenya Open 1986, alikuwamo katika vikosi hivyo, na mwaka 2006 akawa nahodha wa Ulaya ilipoishinda Marekani kwa pointi 18 na nusu kwa 9 na nusu.

Sasa tazama ajabu yake. Siku zote za mwaka hakuna mtu aamkaye asubuhi akasema, "Mimi ni shabiki wa Ulaya." Mwingereza na Mfaransa hawapikiki chungu kimoja. Uingereza ilipiga kura mwaka 2016 kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ikatoka 2020. Lakini kikombe cha Ryder kinapofika, Mwingereza yule yule hujifunika bendera ya buluu yenye nyota kumi na mbili akamshangilia Mhispania, Mnorwe na Mdenmaki kama ndugu zake wa tumbo moja. Kwa siku tatu, katika mechi 28, ana timu. Jumapili usiku ikiisha, anarudi kwake na timu imevunjika.

Kinachoiunda timu, basi, ni kuwako kwa mpinzani. Wazee wetu waliligundua hilo zamani. Katika ngoma za beni Mombasa na Lamu, Kingi na Skochi walishindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa karamu hata watu wakafilisika. Mkomani na Langoni ni mji mmoja wa Lamu, lakini siku ya mashindano ungedhani ni nchi mbili. Walioshindana walisali msikiti mmoja na kuoana. Upande ulipatikana kwa sababu upande wa pili ulikuwapo.

Nilitaka kuyapima haya mahali ambapo gofu si hadithi ya magazetini. Nikaenda Kabiria, magharibi ya Nairobi, huko upande wa Riruta. Kabiria yenyewe haina uwanja wa gofu, lakini imezungukwa nao. Mashariki yake, kwenye barabara ya Ngong, uko uwanja wa Royal Nairobi, klabu iliyoanzishwa 1906. Kusini magharibi uko Karen, kaskazini uko wa Vet Lab huko Kabete, na ukielekea Kikuyu utafika Sigona. Kwa hiyo katika vijumba vya mabati na vya mawe vya pande hizo hukosi kumkuta kedi, yaani mbeba mkoba wa mchezaji, ambaye huamka alfajiri kwenda kungoja jina lake liitwe.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba 2025, baada ya isha. Katika hoteli moja ndogo ya chai na chapati watu walikuwa wakitazama kandanda ya Uingereza. Marekani na Ulaya walikuwa wakimalizia kikombe cha Ryder huko Bethpage, New York, na wazee wawili waliokaa pembeni walikuwa wakifuata matokeo katika simu yenye kioo kilichopasuka. Mmoja alikuwa kedi kwa zaidi ya miaka thelathini. Ulaya ilikuwa imelala na pointi 11 na nusu kwa 4 na nusu, na sasa Wamarekani walikuwa wakizirudisha moja moja.

Nikamwuliza, "Mzee, wewe ni wa Ulaya au wa Marekani?"

Alinitazama kama niliyemwuliza mwezi una bei gani. "Mimi ni wa yule ninayembebea mkoba," akasema. "Lakini hawa wa Ulaya wengine nimewaona kwa macho yangu wakija kucheza hapa. Na mtu uliyemwona akikosa shimo akakasirika, huyo si mgeni tena."

Mwenziwe akadakia, "Ukitaka kuona timu, njoo Kenya ikicheza na Uganda. Hapo hata mimi hupiga kelele."

Alikuwa akisema juu ya Kombe la Victoria, ambalo wachezaji wa ridhaa wa Kenya na Uganda hulishindania mtu kwa mtu. Yako pia mashindano ya Kanda ya Nne ya Afrika, yakutanishayo Kenya, Uganda, Tanzania na jirani zao. Wanawake nao wana kombe lao la Afrika nzima, na humo bendera ya Tanzania imebebwa kwa miaka mingi na Madina Iddi wa Arusha, jina ambalo lafaa lijulikane zaidi katika nyumba zetu za pwani. Mashindano haya hayana televisheni ya kutosha wala matangazo barabarani. Watazamaji wake ni wanachama, jamaa za wachezaji na makedi. Lakini yule mzee alinitajia mikwaju ya miaka mingi iliyopita, shimo kwa shimo, kama mtu asomaye nasaba ya ukoo wake.

Ndipo nikauona undani wa jambo hili. Kedi yule hakujali Ulaya wala Marekani kwa sababu ya ramani. Alijali pale alipokuwa na mtu wake ndani. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kama makedi. Mwaka 1998 Jacob Okello alifika mpaka mchujo wa mwisho wa Kenya Open, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Tangu mashindano hayo yaanze 1967 hadi yale ya 2025, hapana Mkenya aliyeyashinda. Kwa hiyo siku ile Okello hakuwa mtu mmoja, alikuwa timu nzima: wote waliobeba mikoba walikuwa nyuma ya mkwaju wake. Rekodi yaandika kuwa alicheza peke yake, lakini waulize waliokuwapo.

Wako, lakini, wasiokuwa na timu hata wakipiga kelele kushinda wote. Katika hoteli ile vijana watatu waliuliza matokeo ya gofu kwa pupa, nikafurahi, mpaka nilipojua kuwa wameyawekea fedha za kamari kwenye simu. Hawakujua jina la mchezaji hata mmoja. Aliyeweka dau hashabikii upande, anashabikia fedha yake, na matokeo yakibadilika naye hubadilika. Mbali na uharamu wake, ambao wasomaji wetu hawahitaji kuambiwa, kamari humnyima mtu ladha ya kushindwa pamoja na wenziwe, ambayo ndiyo nusu ya kuwa na timu.

Na hapa pana hatari ya pili. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Gofu hupendwa kwa utulivu wake: mchezaji akiinama kupiga, maelfu hunyamaza. Timu zikiingia, adabu hiyo hutikisika. Mwaka 1999 huko Brookline, Marekani, wachezaji wa Marekani na wake zao walivamia uwanda wa shimo la 17 kushangilia, ilhali José María Olazábal wa Ulaya alikuwa bado hajapiga wake. Mwaka 2025 huko Bethpage watazamaji walimtukana Rory McIlroy matusi yasiyoandikika, na mkewe akarushiwa kinywaji. Mke wa mtu ana kosa gani katika mkwaju wa mumewe? Beni zetu zilikuwa na kejeli kali, lakini aliyevunja heshima ya nyumba ya mwenziwe alijua kuwa amevuka mpaka.

Hata hivyo, timu si lazima ilete ufidhuli. Mwaka 1969, huko Royal Birkdale Uingereza, kikombe kizima kilibaki mikononi mwa watu wawili katika shimo la mwisho. Tony Jacklin wa Uingereza alibakiwa na mkwaju mfupi. Angeukosa, Marekani ingeshinda. Jack Nicklaus wa Marekani akamsamehe asiupige, mashindano yakaisha 16 kwa 16. Baadhi ya wenziwe hawakupendezwa, nahodha wake akiwamo. Lakini leo ni mkwaju ule ambao haukupigwa unaokumbukwa zaidi kuliko mingi iliyopigwa.

Basi jibu langu ni hili: wapenzi wa gofu wanajali, tena sana, ila hawajali timu ya karatasi. Watu wa Ulaya walianza kujali walipopata kijana aliyetoka kubeba mikoba akawapiga mabingwa. Watu wa Kabiria hujali mtu wao akiwamo. Na sisi wa pwani je? Klabu ya gofu ya Mombasa ipo kando ya bahari tangu 1911, zaidi ya karne moja, katika kisiwa chenye watoto wasio na idadi. Enzi za mkoloni, Mwafrika aliyeingia viwanja kama vile aliingia kubeba mkoba wa mwingine au kukata majani. Siku hizi sheria hiyo haipo, lakini bei ya fimbo na ada ya uanachama ni ukuta wa pili, na ukuta huu hauna mlinzi wa kugombana naye.

Wakubwa wa mchezo wakitaka Kombe la Victoria lijae watu, wasianze kwa kununua matangazo. Waanze kwa kuwapa fimbo watoto wa makedi, na watoto wa Kibokoni na Majengo, siku moja katika juma. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga, lakini atatuzwa na nani ikiwa walio kwao hawakupata kuuona uwanja? Mtoto mmoja wa mtaa akiitwa katika timu ya taifa, mtaa mzima utajifunza kuhesabu mikwaju kwa usiku mmoja, na hapatakuwa na haja ya kuuliza tena kama wapenzi wa gofu wana timu.