Jina Kubwa, Kiti Kidogo

Februari 2025, Chuo Kikuu cha Colorado kilimtangaza Marshall Faulk kuwa kocha wa wakimbiaji, yaani wanaokimbia na mpira, katika timu yake ya futiboli ya Kimarekani. Wanaoujua mchezo huu hawahitaji kuelezwa Faulk ni nani. Kwa wengine: mwaka 2000 alitawazwa mchezaji bora wa NFL, ligi ya kulipwa, akiwa na St. Louis Rams, na mwaka 2011 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu. Ukocha wa chuo hakuwa ameufanya hata siku moja. Alimkuta hapo Warren Sapp, naye wa Ukumbi huohuo, aliyeanza mwaka 2024 kwa cheo cha msaidizi mwanafunzi. Kwa kawaida cheo hicho hupewa kijana aliyemaliza shahada juzijuzi, anayekesha akikatakata video za wapinzani kwa posho ya kujikimu. Sapp alikuwa na miaka 51. Na kocha mkuu aliyewaita wote wawili, Deion Sanders, sanamu yake imo Ukumbini vilevile.

Shabiki akisikia habari kama hizi hufurahi na kwenda kununua fulana. Mkuu wa michezo wa chuo, ambaye ndiye anayetia saini mkataba, inabidi ajiulize ananunua nini hasa.

Tuanze na viti, maana vilikuwa vya kuhesabu. Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu kila timu ya daraja la juu iwe na makocha wasaidizi 9, na Januari 2018 ndipo wa 10 akaongezwa. Wachezaji zaidi ya 100 wanagawanywa kwa hao: kuna kocha wa wapokeaji pasi, wa wakimbiaji, wa safu ya mbele, wa mabeki wa nyuma, na kadhalika. Haohao ndio waliokuwa na kibali cha kutoka nje ya chuo kwenda kusaka vijana mashuleni na majumbani. Benchi la ufundi la namna hiyo si shamba la bibi. Kumpa mtu kiti kwa sababu tu aliwahi kushangiliwa uwanjani kulimaanisha safu nzima kukosa mwalimu na jimbo zima kukosa msakaji. Kwa hiyo makocha wakuu wengi waliwaheshimu nyota wao wa zamani kwa njia nyingine: ofisi, cheo kirefu cha kuandikwa mlangoni, kipaza sauti kwenye hafla za wafadhili. Wachezaji hawakukabidhiwa. Mwaka 2024 NCAA ikalegeza kamba. Sasa yeyote aliyeajiriwa kwenye benchi anaweza kufundisha mazoezini na siku ya mechi, ingawa wanaotoka nje kusaka bado wana idadi yao. Gharama ya kumjaribu nyota ikashuka ghafla.

Msako wenyewe una hesabu ambayo watu huisahau. Kijana wa miaka 17 aliyekuwa akifuatwa na Colorado mwaka 2025 alizaliwa Faulk akiwa ameshacheza mechi yake ya mwisho. Anamjua kwa vipande vya video kwenye simu, kama anamjua. Anayetetemeka mgeni akigonga mlango ni baba, na wakati mwingine mama, waliotumia Jumapili zao za ujanani mbele ya televisheni wakimtazama. Jina la nyota hufanya kazi kwa wazazi kwanza, na wazazi ndio wanaomruhusu mtoto kwenda kuishi maili 1,000 kutoka nyumbani. Hilo si jambo dogo. Lakini ziara ya kwanza ikishapita, mzazi huanza kuuliza maswali ya kawaida: mwanangu atacheza lini, atasoma nini, na akiumia itakuwaje? Hapo picha ya pamoja haisaidii, na nyota ambaye hajajiandaa huonekana haraka kuliko kocha asiye na jina.

Jim Harbaugh aliwahi kulitumia jina lake vizuri sana, tena akiwa bado mchezaji. Kati ya 1994 na 2001, huku akiwa kwotabeki, yaani mrusha pasi, wa NFL, alijiandikisha kama kocha msaidizi asiyelipwa wa Western Kentucky, ambako baba yake, Jack, alikuwa kocha mkuu wa timu iliyokuwa imeponea chupuchupu kufutwa kwa ukata. Msimu wa NFL ukimalizika alikwenda kusaka vijana, na jina lake liliiwezesha timu hiyo ndogo kuingia kwenye nyumba ambamo isingekaribishwa. Mwaka 2002 Western Kentucky ikatwaa ubingwa wa daraja lake. Harbaugh hakulipwa hata senti, na kwa miaka ile alijifunza nusu ya ukocha ambayo wachezaji wenzake hawakuwahi kuiona.

Leo mambo yamebadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na sura zao, na uhamisho umekuwa rahisi kiasi kwamba kila mwaka kuna kitu kama dirisha la usajili. Kijana anaweza kumpenda nyota kwa dhati na bado akasaini kwingine kwenye fedha zaidi. Nadhani hili limeongeza uzito wa ile nusu nyingine ya kazi, kufundisha, kwa sababu kijana mwenye ndoto ya NFL anauliza swali moja tu: huyu amewapeleka wangapi?

Na kufundisha ndiko kwenye mtihani. Chukua mpokeaji wa miaka 19 anayefundishwa njia inayoonekana rahisi: kimbia yadi 12 moja kwa moja, kata kuingia ndani, geuka upokee. Beki anayemkabili hahangaiki na macho yake. Anatazama nyonga na kifua. Mpokeaji akiinua kifua hatua mbili kabla ya kona, beki anajua breki inakuja, na pasi inaishia kwenye mikono isiyo yake. Kocha anasimamisha video palepale, anaonyesha kidevu kilivyopanda, kisha wanatoka nje kurudia. Magoti yakunjwe, kifua kibaki mbele ya nyonga, mikono iendelee kupiga kama ya mtu anayeongeza mwendo, mguu wa nje ukanyage chini ya mwili na si mbele yake. Warudie tena na tena mpaka mwili uzoee, na kesho yake warudie upya.

Mwulize mtu aliyekuwa akiikata kona hiyo mbele ya watazamaji 80,000 alikuwa anafanyaje, na mara nyingi atakwambia alihisi tu. Hadanganyi. Wanasaikolojia Sian Beilock na Thomas Carr walichapisha mwaka 2001 majaribio waliyoyafanya kwa wachezaji wa gofu, wakakuta kwamba wazoefu walikumbuka machache kuhusu pigo walilolipiga muda mfupi uliopita kuliko wanagenzi. Ujuzi ukishazama mwilini hauachi kumbukumbu za hatua kwa hatua. Nyota anapokabidhiwa kundi la wanafunzi, kazi yake ya kwanza ni kuubomoa ujuzi wake vipandevipande na kuupa kila kipande jina, na si kila mtu anaweza au anapenda kufanya hivyo. Wakimbiaji wana tatizo la ziada. Kinachowakalisha benchi vijana wengi wa nafasi hiyo ni kushindwa kumlinda kwotabeki wakati wa pasi: kutambua ni beki yupi anakuja kwa kasi, kisha kumkabili kwa kifua. Gwiji aliyejengewa mfumo mzima ili yeye ashike mpira anaweza kuwa ndiye aliyeipenda kazi hiyo kidogo kuliko wote.

Ndiyo maana mfano wangu bora si wa Ukumbini. Brian Hartline alikuwa mpokeaji mzuri wa Ohio State, akachukuliwa na Miami Dolphins katika raundi ya 4 ya drafti ya 2009, zoezi la timu za NFL kuchagua wachezaji kutoka vyuoni. Hakuwa mwenye kasi ya kutisha. Siku yake kubwa ilikuwa Septemba 2012, alipojikusanyia yadi 253 dhidi ya Arizona, rekodi ya klabu yake kwa mechi moja, na misimu ya 2012 na 2013 alivuka yadi 1,000. Ni nyota, ila nyota wa aina ya wale waliolazimika kuielewa kila hatua kwa sababu miguu peke yake isingewatosha. Mwaka 2017, baada ya kutundika daluga, alirudi Ohio State kwa kazi ya chini ya uchambuzi, ile ya kutazama mikanda gizani bila kuruhusiwa kufundisha uwanjani. Julai 2018 kocha wa wapokeaji akafukuzwa, msimu ukiwa mlangoni, na Hartline akapewa kiti kwa muda. Mwaka uliofuata akathibitishwa.

Kilichofuata wanakisimulia hadi mahasimu wa Ohio State. Garrett Wilson na Chris Olave walichukuliwa katika raundi ya kwanza ya drafti ya 2022. Mwaka 2023 akafuata Jaxon Smith-Njigba, 2024 Marvin Harrison Jr., 2025 Emeka Egbuka. Wapokeaji 5 wa raundi ya kwanza katika miaka 4, kutoka chumba kimoja. Mtu anaweza kusema, na ana haki, kwamba vijana hao walikuja wakiwa na vipaji vikubwa tayari. Ni kweli. Lakini kuwapata ilikuwa sehemu ya kazi yake vilevile, na baada ya kundi la kwanza hakuhitaji tena kutaja yadi zake za mwaka 2012 kwenye sebule ya mtu.

Kuna ushahidi unaoelekea upande mwingine, nao haupaswi kufichwa. Mwaka 2011 Amanda Goodall, Lawrence Kahn na Andrew Oswald walichapisha utafiti kuhusu makocha wa NBA, wakaonyesha kwamba timu zilizoongozwa na waliokuwa wachezaji wa kiwango cha juu zilishinda zaidi. Anayepiga kampeni ya kumwajiri gwiji ataushika utafiti huo kwa mikono miwili. Ila kikapu kina watu watano, na kila mmoja hushambulia na kulinda. Futiboli ya Kimarekani ina watu 11 wa kushambulia na 11 wengine wa kulinda, na mkimbiaji anaweza kumaliza miaka 12 ya kazi bila kujua safu ya nyuma inapangwaje. Gwiji wa nafasi moja anaijua kona moja ya uwanja. Kwa kiti cha kocha wa nafasi hilo linatosha kabisa, na ndiyo sababu nakiona hicho kuwa kiti kinachomfaa zaidi kuliko ukocha mkuu, ambao vyuo vinavyotafuta vichwa vya habari hupenda kumrushia siku ya kwanza.

Steve Spurrier alikuwa na haki ya kudai kiti kikubwa. Alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1966 akiwa Florida. Mwaka 1978 chuo chake kikampa kazi ya kuwafundisha makwotabeki; msimu ulipoisha benchi zima likafungashiwa virago. Akaenda Georgia Tech, na baada ya msimu mmoja kocha mkuu mpya hakumhitaji. Ndipo akaangukia Duke, mahali ambapo futiboli ilikuwa ya kujifurahisha, akaachiwa ushambuliaji wote auchore apendavyo. Alirudi Florida mwaka 1990 akiwa kocha mkuu, na msimu wa 1996 akatwaa ubingwa wa taifa na kwotabeki Danny Wuerffel aliyeshinda Heisman mwaka huohuo. Jason Taylor alipita njia fupi zaidi lakini ya chini vilevile: mchezaji bora wa ulinzi wa NFL mwaka 2006, akaanza na ukocha wa shule ya sekondari huko Florida, mwaka 2022 akawa mchambuzi katika Chuo Kikuu cha Miami, na 2023 akapewa wachezaji wa pembeni wa safu ya mbele ya ulinzi.

Linalobaki ni kisa cha Carnell Williams, maarufu kwa jina la Cadillac, kinachoonyesha kiti hiki kinafika wapi. Mkimbiaji huyu wa Auburn alichaguliwa wa 5 katika drafti ya 2005 na msimu huo akawa mchezaji chipukizi bora wa ushambuliaji. Ukocha aliuanza chuo kidogo cha Henderson State huko Arkansas, na mwaka 2019 Auburn ikamwita kufundisha wakimbiaji. Oktoba 31, 2022, timu ikiwa na ushindi wa mechi 3 na vipigo 5, kocha mkuu alitimuliwa na Williams akakabidhiwa kikosi kwa muda, Mweusi wa kwanza kuongoza timu hiyo. Mechi ya kwanza, ugenini kwa Mississippi State, walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 24 kwa 6, wakarudi na kulazimisha muda wa ziada kabla ya kufungwa 39 kwa 33. Wiki iliyofuata wakaifunga Texas A&M 13 kwa 10 nyumbani, uwanja ukiwa umefurika kwa ajili ya timu isiyo na chochote cha kupigania. Katika mechi 4 alishinda 2.

Kazi ya kudumu alipewa Hugh Freeze. Williams alibaki na wakimbiaji wake. Makocha wakuu hutafutwa zaidi miongoni mwa wanaopanga ushambuliaji au ulinzi wa timu nzima, na nyota wa zamani, hasa Weusi, huwekwa mara nyingi kwenye viti vya wakimbiaji, wapokeaji na safu ya mbele, wanasifiwa kwa kusaka vijana, kisha miaka inapita bila kitabu cha mbinu kuwekwa mikononi mwao. Januari 2024 Williams aliondoka Auburn, na mwaka huohuo Las Vegas Raiders wakamwajiri kufundisha wakimbiaji.