Kemikali ghalani: Kuiambia kampuni ya bima hakutoshi, zimamoto nao waambiwe

JIONI ya Aprili 17, 2013, moto ulizuka katika ghala la mbolea kwenye mji mdogo wa West, jimboni Texas, Marekani. Wazimamoto wa kujitolea wa mji huo waliacha shughuli zao na kukimbilia kwenye tukio, kama walivyozoea kufanya. Dakika zipatazo 20 baada ya taarifa ya kwanza kupokewa, ghala lililipuka.

Watu 15 walifariki dunia, na 12 kati yao ni wale waliokwenda kuokoa. Zaidi ya watu 260 walijeruhiwa, huku majengo zaidi ya 150 yakiharibiwa, yakiwamo makazi ya wazee na shule.

Ndani ya ghala hilo la mbao kulikuwa na kati ya tani 40 na 60 za mbolea ya amoniamu naitreti. Katika hali ya kawaida mbolea hiyo haina makeke, na mkulima huibeba begani bila wasiwasi. Lakini inapopata joto kali la moto, ikachanganyika na uchafu na kubanwa mahali pamoja, inaweza kulipuka kama baruti.

Swali lililoulizwa baada ya maziko ni moja: je, wazimamoto wale walijua walichokuwa wakikikabili?

Jibu lake si jepesi. Mapema mwaka huo, kampuni yenye ghala ilikuwa imejaza fomu ya serikali na kueleza kuwa inaweza kuwa na hadi tani 270 za mbolea hiyo. Hata hivyo, ripoti ya bodi ya shirikisho inayochunguza ajali za kemikali, iliyotolewa Januari 2016, ilibainisha kuwa wazimamoto waliifahamu hatari ya matangi ya gesi ya amonia yaliyokuwa hapo, lakini hawakuwa wameandaliwa kwa mlipuko wa mbolea, wala hapakuwa na mpango uliotayarishwa mapema wa kuukabili moto katika eneo hilo. Karatasi ilikuwapo, lakini elimu haikuifuata.

Fomu hiyo inatokana na sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, baada ya maelfu ya watu kuuawa na gesi iliyovuja kutoka kiwanda cha viuatilifu mjini Bhopal, India, Desemba 1984. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwenye kiwanda au ghala lenye kemikali hatari zinazofikia ratili 10,000, yaani takriban kilo 4,500, hupaswa kutoa taarifa kila mwaka kabla au ifikapo Machi 1. Kwa kemikali zilizoorodheshwa kuwa za hatari kubwa zaidi, kiwango ni ratili 500, sawa na kilo 227 hivi, au chini ya hapo.

Taarifa hupelekwa sehemu tatu: tume ya jimbo, kamati ya dharura ya eneo, na kikosi cha zimamoto cha mahali hapo. Hutaja aina ya kemikali, kiasi, namna ilivyohifadhiwa, mahali ilipo na simu ya mtu wa kupigiwa usiku wa manane. Aidha, kikosi cha zimamoto kikiomba kuingia kukagua, mwenye mali hana budi kukiruhusu.

La kushangaza ni kuwa sheria hiyo hiyo haiihesabu mbolea iliyo dukani ikisubiri kuuzwa rejareja kwa mkulima.

Umuhimu wa taarifa hizo huonekana pale bomba la maji linapofunguliwa. Kalsiamu kabaidi inayotumiwa na wachomeleaji, kwa mfano, ikimwagiwa maji hutoa gesi inayowaka kwa kasi. Ndiyo maana milango mingi ya maghala nchini humo hubandikwa alama ya almasi yenye rangi nne: buluu kwa madhara ya afya, nyekundu kwa kuwaka, njano kwa kulipuka, na nyeupe kwa tahadhari maalumu. Herufi W iliyokatwa kwa mstari ndani ya sehemu nyeupe maana yake ni: usitumie maji.

Wenye mali wengi hudhani kuwa wakishaieleza kampuni ya bima wamemaliza kazi. Ni kweli kwamba mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu kamili, kanuni ambayo Tanzania na Kenya nazo ziliirithi kutoka sheria za Kiingereza. Anayeficha kuwa stoo yake ina petroli au tindikali anaweza kunyimwa fidia. Huko Marekani, mkataba wa mfano wa bima ya moto wa New York wa mwaka 1943, ulioigwa na majimbo mengi, husimamisha kinga pale hatari inapoongezeka kwa jambo analolijua mwenye mali au lililo katika uwezo wake.

Lakini maelezo hayo huishia kwenye majalada ya kampuni ya bima, na dereva wa gari la zimamoto hayaoni. Bima hulipa baada ya moto kuzimwa, tena kwa kiwango kilichokatiwa tu. Kampuni ya mjini West ilikuwa na bima ya dola milioni 1 ya kufidia madhara kwa wengine, ilhali hasara ilizidi dola milioni 100. Ripoti ya wachunguzi ilieleza pia kuwa kampuni ya bima ya awali ilikuwa imejitoa mwaka 2010, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ushauri wake wa usalama haukuwa umetekelezwa.

Hapa Tanzania muundo ni tofauti. Wenye kushughulika na kemikali husajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni la nchi nzima. Marekani vikosi ni vya miji, vingi vikiwa vya kujitolea, na mzimamoto wa leo jioni ndiye fundi au mwalimu wa asubuhi.

Mwaka 2015, miaka miwili baada ya mlipuko, Bunge la Texas lilipitisha sheria inayowapa wakaguzi wa zimamoto mamlaka ya kuingia kwenye maghala ya amoniamu naitreti na kuyakagua.