Moto wa pori: Ndola iliisha kutupa jibu

Kila mwaka, mvua ya kwanza ikikaribia, tunaona moshi juu ya pori kandokando ya cité zetu. Mmoja anatafuta panya, mwingine anasafisha shamba, mwingine amewasha tu bila sababu. Kisha wamama wanauliza sokoni: vinkubala vilienda wapi?

Jibu iko karibu. Kule Ndola, ngambo ya mpaka, upande wa Zambia, mwaka 1933 watu wa utafiti waligawanya pori la miombo katika vipande. Kimoja walikichoma kiangazi kikianza. Kingine walikichoma kiangazi kikiisha. Kingine walikikinga kabisa na moto. Wakarudia vile mwaka kwa mwaka. Mtaalamu Trapnell aliandika matokeo mwaka 1959: palipochomwa mapema, miti ilibaki. Palipokingwa, pori lilizidi kufunga. Palipochomwa kwa kuchelewa, miti karibu yote ilikufa, zikabaki nyasi.

Sababu ni rahisi. Mwezi wa tano na wa sita, nyasi bado ziko na maji, moto unapita chini-chini. Mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi zimekauka kabisa, na miti njo inatoa majani mapya. Moto unapanda, unaua hata machipukizi. Mutondo ukikufa, vinkubala vyake havina chakula tena.

Hapa kwetu pia utafiti haukukosa. Luiswishi, karibu na Lubumbashi, Profesa François Malaisse na wenzake walichunguza miombo miaka mingi. Mwaka 1997 alitoa kitabu kizima juu ya vyakula vya pori: vinkubala, uyoga, asali, matunda. Lakini kiko kwa Kifaransa. Mama anayeuza uyoga barabarani atakisoma wapi?

Sisi tunaomba wenye utafiti waseme kwa Kiswahili, shuleni na kwenye redio. Tena wapeleke watoto waone vipande vile kwa macho; hata asiyejua kusoma ataelewa.

Na wewe baba, kama ni lazima kuchoma, choma mapema, upepo ukitulia, majirani wakijua. Tunajua namna gani inakuwa mgodi ukisimamisha kazi: mshahara unakatika, na familia mingi zinarudi porini kutafuta chakula. Siku ile, tukute miti ikingali imesimama.