Mama Akienda Edinburgh Kumlea Mzazi, Naye Atolewe Akauone Mji

Si ajabu siku hizi kusikia kwamba mama fulani wa Mombasa ama Lamu amefunga safari hadi Uskoti kwenda kumwangalia bintiye aliyejifungua. Hupika uji, humkanda mzazi, humwogesha mjukuu, na arubaini ikitimia hurudi nyumbani akiwa ameuona uwanja wa ndege, jiko na dirisha lenye mvua. Viza imegharimu, nauli imegharimu, na pengine safari hiyo haitapatikana tena. Sisi tunaona hapo mama amepunjwa. Basi haya tumemwandikia yeye, mwenye magoti yasiyopenda ngazi na kigari cha mtoto mkononi; na tumewaandikia bintiye na mkwewe, kwani wao ndio watakaomtoa.

Lililo jema ni kwamba mengi mazuri ya Edinburgh hayana kiingilio. Tungemwanzisha mama katika Jumba la Makumbusho la Taifa, barabara ya Chambers Street. Ukumbi wake mkuu wa chuma na vioo, uliofunguliwa mwaka 1866, una mwanga mwingi hata siku ya mawingu. Humo amehifadhiwa kondoo Dolly, aliyezaliwa mwaka 1996 katika kijiji cha Roslin nje kidogo ya mji, mamalia wa kwanza duniani kunakiliwa kutokana na seli ya mnyama mzima. Wajukuu wakubwa watamng'ang'ania huyo. Mama apande lifti mpaka juu kabisa, kwenye baraza ya paa. Kutoka hapo ataiona ngome, minara na vilima bila kuadhibiwa na ngazi. Kisha, mwendo wa dakika chache tu, upo Msikiti Mkuu wa Edinburgh uliofunguliwa mwaka 1998, wenye nafasi ya wanawake, na jirani yake hapakosekani chakula cha halali.

Mji wa Kale wenyewe umepangika kando ya njia moja, Royal Mile, inayoteremka kutoka Ngome hadi Kasri la Holyrood, takriban kilomita mbili. Anzieni juu mteremke. Anayeanzia chini hujuta. Kila upande vimefunguka vichochoro ambavyo mtu wa Lamu hatavionea ugeni, ila huku kuta hupanda ghorofa juu ya ghorofa, kwa kuwa watu wa zamani walibanana ndani ya ukuta wa mji. Vingi vina vidato, na mawe ya barabarani hukisumbua kigari. Mtoto mchanga afadhali abebwe kwa kanga.

Na Ngome je? Ni ya fahari, imejengwa juu ya mwamba wa volkano iliyozimika, na kanisa dogo la Mtakatifu Margaret lililomo ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini. Lakini tiketi yake si rahisi, watu ni wengi na njia za ndani ni za kupanda. Aliye na nguvu na fedha aingie, na tiketi ainunue mapema. Mama mwenye magoti tungemkalisha bustani ya Princes Street, bondeni chini ya mwamba, aitazame vizuri kuliko walioingia. Saa saba kamili mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, mzinga hulia kutoka ngomeni. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861 ili mabaharia warekebishe saa zao. Mtayarisheni mapema, asije akashtuka na mtoto mikononi.

Katika bustani hiyohiyo ipo sanamu ya David Livingstone. Alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, pwani yetu hii. Sanamu haiwasimulii hao. Mjukuu itabidi ahadithiwe na bibi yake.

Kwa siku moja ya nje ya mji, sisi tungechagua South Queensferry. Huko kuna madaraja matatu yaliyopangana juu ya mkono wa bahari: la reli la mwaka 1890, jekundu, kubwa la kutisha, la magari la 1964, na la tatu la 2017. Aliyezoea foleni ya feri ya Likoni atakielewa kisa cha mji huu, kwani jina lake linatokana na kivuko cha Malkia Margaret, na watu walivuka kwa vyombo karne nyingi hadi daraja la 1964 lilipofunguliwa. Basi ndilo bora kwa wenye kigari, maana kutoka stesheni ya treni kuna mteremko mrefu. Wapendao utulivu waende Linlithgow, mwendo wa dakika ishirini hivi kwa treni, alikozaliwa Malkia Mary mwaka 1542. Magofu ya kasri yanatazama ziwa lenye mabata maji weupe, na yupo anayekwenda kwa ajili ya ziwa tu. North Berwick ina ufuo wa mchanga, ila maji yake ni ya kutazama, si ya kuingia.

Saa za swala huamua ratiba. Mwishoni mwa Juni jua huzama kama saa nne usiku, hivyo matembezi ya alasiri hayana haraka. Desemba Magharibi huingia kabla ya saa kumi, basi tokeni asubuhi. Agosti ni mwezi wa tamasha kubwa lililoanza mwaka 1947. Mji hufurika na bei za malazi hupaa, kwa hiyo jamaa wanaotaka kumfuata mama wachague Mei ama Septemba. Buibui lifunikwe na koti la mvua. Mwavuli msinunue, upepo wa huko huugeuza nje ndani kabla hamjafika kona ya pili.