Mwanao anataka kujua umeme? Mpe betri na msumari kabla hajaifuata soketi

JIONI moja nilimkuta mwanangu wa darasa la nne amepiga magoti mbele ya soketi ya sebuleni. Mkono mmoja ameshika balbu ya tochi, mwingine nyaya mbili alizozimenya ncha kwa meno. Nilipofoka, akanijibu kuwa wamefundishwa umeme huwasha taa, naye alitaka kuona.

Haukuwa utundu. Alikuwa amenakili somo zima bila kushika kifaa hata kimoja.

Wazazi wengi hapo tungemaliza kwa kiboko na amri ya “usiguse”. Amri ni lazima, ila mtoto hudadisi tukiwa hatupo. Jambo ambalo hawezi kuliona kwa macho, na ni lazima aambiwe, ni hili: betri ya tochi ina volti 1.5, soketi ina volti 230, yaani zaidi ya mara 150. Ile ya tochi ataishika kwa vidole asihisi kitu. Soketi inaweza kumuua kwa mguso mmoja, hasa mikono ikiwa imelowa.

Basi keti naye mezani. Tafuta betri moja ya tochi, msumari wa chuma wa inchi tatu, pini kadhaa, na waya mwembamba wenye ganda la plastiki, kama ule wa spika, mita moja hivi. Auzungushe kwenye msumari kuelekea upande mmoja, mara 40, aache ncha mbili ndefu zilizomenywa. Agusishe ncha moja juu ya betri na nyingine chini. Msumari utaokota pini kama sumaku. Akiachia ncha moja zitaanguka, ingawa moja au mbili zinaweza kung’ang’ania.

Ahesabu hadi tano tu kisha aachie, kwa sababu waya na betri hupata moto. Na isiwe betri ya simu, ya pikipiki wala ya sola. Hizo zina nguvu ya kuunguza waya mkononi.

Hapo amejifunza mambo mawili. Umeme hautembei mpaka njia yake izunguke na kurudi kwenye betri, na ukitembea kwenye waya, waya huo huwa na nguvu ya sumaku. Hili la pili liligunduliwa mwaka 1820 na Hans Christian Ørsted, profesa wa Copenhagen, Denmark, alipoona sindano ya dira ikicheza karibu na waya wenye umeme. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza akaonyesha kinyume chake: ukichezesha sumaku ndani ya waya uliozungushwa, unapata umeme. Mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, hufanya kazi hiyo hiyo: maji huzungusha sumaku kubwa ndani ya nyaya, na ndio umeme unaofika kwenye ile soketi ya sebuleni.

Kwetu, mizunguko 20 iliokota pini 4, na mizunguko 40 ikaokota 9. Mtoto akaziandika kwenye daftari lake, akaomba betri ya pili. Nikamwambia asubiri kwanza hii ipoe.