Kidonge cha Mzima na Mshipa wa Jirani

Katika pwani ya Lindi, kutoka Somanga na Kilwa Kivinje mpaka Mchinga na Lindi mjini, mtu mwenye adabu hasemi busha. Husema mshipa. Fulani ana mshipa, basi, na kila aliyesikia ameshaelewa kwa nini fulani ameacha suruali na kushinda na msuli, kwa nini haendi tena baharini na wenzake, kwa nini baiskeli yake imeuzwa. Ugonjwa usioua husubirishwa, na huu umesubirishwa sana. Tanzania ilianza kumezesha watu kingatiba ya matende na mabusha mwaka 2000, kwa kuanzia kisiwa cha Mafia, kisha kazi ikasambaa wilaya hadi wilaya. Wilaya nyingi zimeshamaliza, maambukizi yamepimwa yakaonekana yameshuka, na umezeshaji ukasimamishwa. Pwani ya kusini imebaki miongoni mwa maeneo machache ambako kazi ilibidi iendelee mwaka baada ya mwaka. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu wa huku wana imani potofu na hawana elimu. Mimi naona tumeipanga kazi kinyumenyume: tumemfuata mzima kwa vidonge, mgonjwa tukamwambia asubiri.

Ili hoja hii ieleweke, lazima kwanza tumjue mnyoo anayeleta matende na mabusha. Jina lake la kitaalamu ni Wuchereria bancrofti. Mnyoo mpevu ni mwembamba kama uzi wa kushonea, jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, na makazi yake ni mirija ya limfu, ile inayokusanya majimaji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu. Humo huishi miaka 6 hadi 8, akizaa vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Mchana vijinyoo hivyo hujificha ndani ya mishipa ya mapafu. Usiku, hasa karibu na saa sita, hutoka na kuzagaa kwenye damu ya ngozini, saa ileile mbu wanapouma. Ndiyo maana kwa miaka mingi wapimaji walilazimika kuingia vijijini usiku wa manane na kuwaamsha watu ili wawachukue damu. Daktari Mskoti, Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi Amoy nchini China, ndiye aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba vijinyoo hivi hukua ndani ya mbu, na huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa mdudu kubeba kimelea cha ugonjwa wa binadamu. Kwetu mbu anayehusika si mmoja. Vijijini ni anofelesi, yuleyule wa malaria. Mijini huongezeka kuleksi, anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu. Tofauti na malaria, ambayo mbu mmoja aweza kuileta, matende huhitaji kuumwa mara nyingi mno, kwa miezi au miaka. Mgeni wa wiki mbili hayapati. Huyapata aliyezaliwa hapo akalala hapo, na uvimbe hujitokeza ukubwani, miaka mingi baada ya mnyoo wa kwanza kuingia.

Sasa tutazame dawa. Mgawa dawa wa jamii hufika na vidonge vya aina mbili, daftari, na kijiti kilichochorwa alama. Hapimi uzito. Humsimamisha mtu kando ya kijiti na kusoma alama: aliyefika sentimita 90 humeza kidonge kimoja cha ivermektini, aliyezidi 158 humeza vinne, na kila mmoja huongezewa kidonge kimoja cha albendazoli. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mgonjwa mahututi huachwa. Dawa zenyewe hatuzinunui, maana kampuni zinazozitengeneza huzitoa bure, na ivermektini imetolewa hivyo Afrika tangu mwisho wa miaka ya 1980, kwanza kwa ajili ya upofu wa mtoni unaoletwa na usubi. Watafiti wawili walioifungulia njia dawa hiyo, William Campbell na Satoshi Ōmura, walitunukiwa Nobel mwaka 2015. Ni dawa njema, ila ina mpaka wake. Huvifagia vijinyoo vilivyo kwenye damu, na wazazi wao waliojikunja kwenye mirija wengi hubaki hai. Baada ya miezi kadhaa huanza kuzaa tena. Kwa hiyo watu humeza kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano, wakingoja minyoo izeeke na kufa, na Shirika la Afya Duniani hutaka kila mwaka wameze angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo. Wakipungua hapo, mbu hupata damu yenye vijinyoo vya kutosha, na mzunguko huendelea.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kidonge hiki hakiondoi busha lililokwisha jaa maji, wala hakirudishi mguu uliokwisha vimba. Kazi yake ni kumlinda mtoto wa jirani. Lakini sisi tumekiitaje? Dawa ya matende na mabusha. Mtu wa Kilwa anajua Kiswahili, na kwa Kiswahili dawa ya kikohozi huondoa kikohozi. Mwenye mshipa akameza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mshipa ukawa palepale au ukazidi. Majirani zake wanamwona kila siku barazani. Mtu mzima mwenye akili zake, asiyeumwa chochote, akiletewa kidonge hichohicho, atauliza: kimemsaidia nini mwenzangu? Hilo ni swali la mtu anayepima ushahidi alio nao, na haifai kulikatisha kwa kusema tu kwamba hana elimu. Pamoja na hayo, baadhi ya waliomeza hupata homa, kichwa, kuwashwa, pengine na maumivu kwenye korodani, kwa sababu vijinyoo vikifa kwa wingi mwili huvipokea kwa vita. Maudhi hayo huisha baada ya siku chache, na huwapata zaidi wale waliokuwa na minyoo mingi. Lakini mtu aliyeambiwa kidonge kinazuia busha, kisha usiku ule korodani zikamuuma, atawaambia nini wenzake asubuhi? Uvumi kwamba dawa hupunguza nguvu za kiume umepata udongo wenye rutuba. Hapo tena ipo ile imani ya siku nyingi kwamba busha huletwa na kunywa madafu. Kwa mtu aliyeona mabusha yamejaa pwani penye minazi na kuadimika bara kusiko na minazi, imani hiyo haikutoka hewani. Joto, unyevu na mbu wa pwani viko palepale penye mnazi, na jicho likauona mnazi.

Basi ni ushahidi gani utakaomshawishi mtu wa namna hii? Bango halitoshi, na gari la matangazo halitoshi. Ushahidi anaouelewa kila mtu ni mwenye mshipa aliyeondoka nyumbani na msuli akarudi amevaa suruali. Upasuaji wa busha si wa ajabu. Mgonjwa hupigwa ganzi, maji huondolewa, na ule mfuko uliokuwa ukiyatunza hukatwa au hugeuzwa ili usijae tena. Ni kazi ya hospitali ya wilaya yenye chumba cha upasuaji na mtaalamu aliyefunzwa, haihitaji safari ya Muhimbili. Baada ya wiki chache za kujihadhari na kazi nzito mtu hurudi kwenye shughuli zake. Kunyonya maji kwa sindano, ambako wengine hukukimbilia kwa unafuu, hakufai: maji hurudi, na sindano yaweza kuingiza vijidudu. Kambi za upasuaji zimekuwa zikifanyika Lindi na Mtwara kwa vipindi, na wanaume hujitokeza kwa wingi, wakiwemo waliokuwa wamejificha miaka. Udhaifu wa kambi ni kwamba huja na fedha za mradi na huondoka nazo. Aliyekosa nafasi, au aliyesikia habari akiwa kisiwani Songo Songo wakati kambi inafungwa Kivinje, hana tarehe nyingine ya kuingojea.

Wala siombi jambo geni. Mpango wa dunia wa kutokomeza ugonjwa huu, ulioanza mwaka 2000, umesimama juu ya nguzo mbili tangu mwanzo: kukata maambukizi, na kuwahudumia walioumia. Nchi haithibitishwi kuwa imeutokomeza kwa kuonyesha tu kwamba watoto wa miaka 6 na 7, wanaochomwa kidole na kupimwa tone la damu, hawana tena dalili ya mnyoo. Lazima ionyeshe pia kwamba mwenye matende na mwenye busha wanapata huduma katika kila eneo lililokuwa na ugonjwa. Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walithibitishwa mwaka 2020. Togo iliwatangulia mwaka 2017, ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo huduma ya mgonjwa itatulazimu tu, tutake tusitake. Swali ni kama tutaifanya mwishoni ili kukamilisha makaratasi, au tutaitanguliza ili itufungulie milango.

Mguu wa matende hauna kisu cha kuuponya kwa kawaida, lakini una matunzo, na matunzo hayo hayajulikani inavyostahili. Kinachomtesa mwenye matende zaidi ya uzito ni yale mashambulizi ya ghafla: homa, mtoki kinenani, mguu kuwaka moto, siku kadhaa kitandani. Mara nyingi chanzo chake ni bakteria wa kawaida waliopenya kwenye mpasuko mdogo katikati ya vidole. Tiba yake kuu iko kwenye ndoo. Mguu huoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, taratibu, kuanzia juu kushuka, kila mkunjo ukifunguliwa kwa kidole. Kisha hukaushwa kwa kitambaa laini, na katikati ya vidole hukaushwa mpaka pasibaki unyevu, maana fangasi hupenda hapo. Ukiwepo mchubuko hupakwa dawa. Mtu akikaa huinua mguu, kisigino hukichezesha juu na chini, na usiku huwekea mguu mto. Anayeshika utaratibu huu hupunguza mashambulizi kwa kiasi kikubwa, na mguu uliopumzika na homa haukui ovyo. Muuguzi wa zahanati anaweza kuufundisha kwa mchana mmoja, kwa vitendo, mbele ya ndugu wa nyumbani atakayesaidia kubeba maji.

Wapo watakaosema fedha ni chache, na upasuaji haukati maambukizi hata kidogo: mwenye busha akipasuliwa mbu hawapungui. Ni kweli, na ningekuwa napima kwa hesabu ya minyoo peke yake ningekubali. Lakini kidonge kisichomezwa nacho hakikati kitu, na kila mwaka unaoongezwa kwa sababu watu hawakufika asilimia inayotakiwa una gharama yake: mafunzo upya, posho upya, mafuta ya gari upya. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hapo ndipo pa kuuweka upasuaji wa busha wazi ndani ya kitita cha bima hiyo, uwe huduma ya kudumu ya hospitali za pwani, isiyongoja mfadhili. Wengine watasema tuanze na mbu, na wana hoja nzito zaidi. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki kwenye mashimo ya vyoo. Zikaelea, zikafunika maji, kuleksi wakakosa pa kuzaliana. Zikiunganishwa na dawa waliyomezeshwa watu, maambukizi yaliporomoka na yakabaki chini kwa miaka. Vyandarua vyetu vya malaria pia vinasaidia bila kutangaziwa kazi hiyo, na mitaro ya Lindi mjini ingestahili kufunguliwa hata kama matende yasingekuwepo. Ila mnyoo uliokwisha kaa mwilini hautoki kwa mtaro kuzibuliwa, na Zanzibar yenyewe imetufundisha subira. Ilianza umezeshaji mwaka 2001, ikapumzika baada ya miaka michache kwa kuona namba zimeshuka sana, kisha ikagundulika maambukizi yalikuwa bado yapo.

Liko na suala la wasiokutwa nyumbani, ambao mara nyingi huandikwa kana kwamba wamekataa. Mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na kwao, hakukataa chochote, hayupo tu. Na wanaume wazima hao ndio wanaobeba minyoo bila kujua, na ndio watakaoota mabusha. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishika, samaki hawaifuati taa na watu hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Ratiba ya umezeshaji ikipangwa kwa kalenda ya ofisi huangukia popote. Ikipangwa kwa mwezi itawakuta. Vivyo hivyo kwa wakulima wa ufuta wanaohamia mashambani na familia nzima: dawa iwafuate huko, au ingoje wamevuna.

Mgawa dawa ndiye mtu pekee wa sekta ya afya anayepita kila mlango wa kijiji kila mwaka, na ni mwenyeji, anajua nani kajificha chumba gani. Tumempa kijiti na vidonge tu. Apewe pia ukurasa mmoja katika daftari lake na tarehe za chumba cha upasuaji cha hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, na cha hospitali ya Sokoine, Lindi mjini. Akibisha hodi, aulize kwanza kwa sauti ya chini kama humu ndani yupo mwenye mshipa au mwenye mguu, amwandike, amwambie siku yake. Kijiti akisimamishe baadaye.